Chini ya Uangalizi

Kuna nchi moja, jina lake silitaji, kwa sababu yenyewe hupenda kutajwa kwenye nyimbo tu. Ukiitaja kwenye malalamiko inajificha. Basi tuiache hivyo, nchi moja, na atakayedhani anaijua ajue amedhani mwenyewe, mimi sikumsaidia.

Serikali ya nchi hiyo iliipenda afya kuliko kitu chochote. Iliipenda hata ikaijengea wizara mbili, Wizara ya Afya na Wizara ya Afya Njema, ili ya pili iwe inasahihisha ya kwanza. Kijijini kwetu ikatuletea zahanati. Jengo zuri, rangi ya samawati, bati lisilovuja hata tone. Lilizinduliwa mara tatu, na kila mara utepe ulikuwa mpya. Baada ya kila uzinduzi lilifungwa kwa kukosa nesi, na ufunguo ukarudi kwa mwenyekiti wa kijiji, anayeutunza kwenye kopo la majani ya chai.

Mwanangu Zuena alifia kwenye kizingiti cha jengo hilo, mchana, jua likiwa utosini, akijifungua. Gari la wagonjwa tuliloliita lilifika kesho yake, likatoa pole, likageuza. Mtoto alitoka mzima. Nikamwita Sikudhani, kwa kuwa kweli sikudhani. Nilipomwogesha mara ya kwanza nilimwambia kwamba yeye ndiye atakayeufungua mlango ule, aingie ndani akiwa nesi mwenye cheti, asife tena mtu pale nje. Mtoto wa siku mbili hawezi kubisha, kwa hiyo nikahesabu amekubali.

Mimi nilitaka hilo tu. Mengine yote mtakayoyasikia ni ya serikali.

* * *

Sikudhani alipopata nafasi chuo cha uuguzi, serikali ilikuwa imetangaza Mpango wa Kuwashika Mkono Vijana wa Afya. Mwenye mpango alikuwa Mheshimiwa Kondo, Naibu Waziri wa Afya Njema, mtoto wa hapa hapa kwetu.

Kondo amekulia jikoni kwangu. Mama yake alikuwa akienda kulima shamba la mbali, mtoto anabaki na mimi, anakunywa uji wangu wa ulezi mpaka anakwangua sufuria kwa kidole. Alipopata surua nilikaa naye siku tisa nikimpangusa macho kwa maji ya vuguvugu. Na jina lake nilimfundisha kuliandika mimi, kwa kipande cha mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Mwenyewe niliishia darasa la nne. Nasoma kwa kukata silabi moja moja kama mtu anayechambua mchele, lakini herufi tano za Kondo nilizimudu. Ile K ilimsumbua. Mguu wake wa chini alikuwa akiuvuta, anauvuta, mpaka unafika sakafuni. Nikawa namwambia, "Kondo, K yako hiyo inakwenda wapi? Inatafuta viatu?"

Wakati wa kura aliniita Mama. Baada ya kura akaniita mwananchi. Siku ya sherehe ya mikopo nikasikia nimepandishwa cheo, naitwa mdau.

Sherehe ilikuwa na mahema, matarubeta, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa kama maharusi. Sikudhani alikabidhiwa hundi ya boksi gumu, kubwa kama mlango, akapigwa nayo picha. Picha ilipokwisha, wanaume wawili wenye suti wakaibeba hundi wakaifunga juu ya gari, kwa kuwa ilikuwa inahitajika wilaya ya jirani saa nane.

Kisha mgeni rasmi akasimama.

"Ndugu wadau, ndugu wananchi, wapendwa wanufaika," akasema Mheshimiwa Kondo, na matarubeta yakampigia kidogo. "Zamani kijana alisoma kwa taabu. Leo anasoma kwa mkopo. Na mkopo ni nini? Mkopo ni serikali kukuamini wewe kabla hujaaminika. Akimaliza darasani, kijana huyu atakwenda hospitalini kwa mafunzo kwa vitendo. Na mafunzo kwa vitendo ni nini? Ni serikali kukushika mkono. Na sisi, ndugu zangu, tukishamshika mtu mkono, hatumwachii."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga. Sikujua kwamba lile la mwisho ndilo neno la kweli pekee katika hotuba nzima.

Nikaletewa fomu ya mdhamini, kurasa kumi na moja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba ndugu atakayetia saini lazima aisome mwenyewe, kwa sauti, mpaka mwisho. Kusomewa na mtu mwingine ni marufuku. Nikakaa vizuri, nikaanza. "Mi-mi ndu-gu wa..." Nikaenda hivyo hivyo mpaka katikati ya ukurasa wa kwanza, nikafika mahali pameandikwa kwamba mhusika atakaa hospitalini chini ya uangalizi. Nikayapenda maneno hayo. Mjukuu wangu ataangaliwa.

Kondo akaniinamia. Alinukia marashi yale yanayouzwa ndani ya ndege. "Mama," akasema, na siku hiyo aliniita Mama, "unasoma nini na mimi nipo? Watu wana njaa, pilau linapoa."

Nikatia saini.

* * *

Miaka mitatu Sikudhani alikuwa mnufaika. Mimi nilidhani mnufaika ni mtu anayepata. Kumbe ni mtu anayengoja, ila kwa jina zuri. Fedha za chakula za muhula wa kwanza zilikuja muhula wa pili, na za muhula wa pili zilikuja likizo, chuo kimefungwa na mpishi yuko kwao. Nilikuwa nikipeleka unga wa ulezi kwa basi, na kwenye mfuko naandika kwa kalamu nene: MNUFAIKA SIKUDHANI, ili usipotee.

Akafaulu. Akapelekwa Hospitali Kuu kwa mafunzo kwa vitendo, mwaka mmoja, na wenzake mia nne kutoka vyuo vyote, manesi, madaktari na wapima damu. Waliahidiwa posho ya kujikimu. Walichoma sindano, walizalisha, walisafisha vidonda, walisukuma machela. Mwezi wa kwanza posho haikuja. Wa pili haikuja. Wa tano wakaandika barua kwa adabu, wakauliza kama labda posho imepotea njia.

Wizara ya Afya Njema ikashtuka. Si kwa sababu ya posho. Ilishtuka kusikia kwamba kuna watu mia nne hospitalini. Ikaagiza uchunguzi: hawa ni akina nani?

Uchunguzi alipewa Bwana Makame, karani mkuu wa masjala ya Hospitali Kuu. Bwana Makame ni mtu msafi, mwenye sweta la rangi ya ugoro na kalamu tatu mfukoni, asiyekuwa na ubaya na mtu. Masjala yake ina makabati mawili. Moja limeandikwa WAFANYAKAZI, lingine WAGONJWA. Akaleta mafaili mia nne mezani, akafungua la kwanza. Halina barua ya ajira. Basi si mfanyakazi. Akasoma zaidi: mhusika yuko hospitalini, chini ya uangalizi.

Bwana Makame akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Katika miaka yake ishirini na sita hakupata kuona mtu aliye hospitalini chini ya uangalizi ambaye si mgonjwa. Akayabeba mafaili yote mia nne, kwa safari kumi na mbili, akayatia kwenye kabati la pili.

Mngedhani wakubwa wangecheka, wakamwambia ayarudishe. Lakini taarifa ilipofika kwa Mheshimiwa Kondo, yeye aliisoma mara mbili, akaomba chai. Mgonjwa hapewi posho. Mgonjwa hupewa uji. Tena hospitali yenye wagonjwa wengi huonewa huruma na wafadhili kuliko yenye wachache. Wiki hiyo hiyo ukatoka Waraka wa Ufafanuzi, ukisema kwamba kwa madhumuni yote ya kiserikali, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ni mgonjwa aliyelazwa, na ugonjwa wake ni Mafunzo.

* * *

Niliposikia mjukuu wangu amelazwa, nilipanda basi na chupa ya uji.

Nikakuta wodi ya wanawake imejaa. Sikudhani amevaa gauni la wagonjwa, lile la kufungwa kamba mgongoni, na huku anamtundikia dripu mama mmoja mzee. Kwenye kitanda chake kulining'inia kadi. Nikaisoma kwa silabi zangu. Jina: Sikudhani. Ugonjwa: Mafunzo. Hali: Inaendelea.

"Unaumwa wapi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Siumwi, Bibi. Ngoja nimalize huyu."

Yule mama mzee wa dripu akamwonea huruma. "Pole, binti. Unaumwa nini?"

"Mafunzo, mama."

"Yanaambukiza?"

"Zamani yalikuwa yakiambukiza. Siku hizi hakuna anayeyakaribia."

"Na dawa yake?"

"Ajira, mama. Lakini wanasema imekwisha stoo."

Nikacheka, kwa sababu kakaa kwangu, ulimi wake naujua. Kisha nikaona mikono yake imekonda mpaka saa imepanda juu ya kiwiko, nikaacha kucheka. Nikammiminia uji. Aliunywa amesimama, jicho liko kwenye dripu.

"Bibi," akasema, "mwaka ukiisha lazima niruhusiwe, nipewe cheti, nije kwetu. Nimeshazalisha mia na tatu hapa. Naweza. Mlango ule naweza kuufungua. Lakini humu ndani hakuna anayetoka."

"Kwa nini?"

"Kamwulize Bwana Makame."

Nikaenda masjala. Bwana Makame akanipa kiti, akanipa pole ya mgonjwa.

"Mjukuu wangu si mgonjwa, baba," nikamwambia.

"Wote husema hivyo, bibi. Ndugu wa wagonjwa wana matumaini sana."

"Mafunzo yake yanakwisha mwezi ujao. Mtamruhusu?"

"Mgonjwa haruhusiwi kwa tarehe, bibi. Mgonjwa huruhusiwa akipona."

"Atapona lini?"

"Mimi si daktari. Atakayesema amepona ni daktari."

"Daktari wake ni nani?"

Akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole. "Daktari Ubwa. Kijana hodari sana."

"Nimwone basi."

"Yupo. Wodi ya wanaume, kitanda namba tisa. Naye ana Mafunzo, tena makali." Akalifunga daftari. "Ila hawezi kumwandikia mwenzake ruhusa. Mgonjwa kumruhusu mgonjwa, bibi, hiyo ingekuwa vurugu. Hospitali nzima ingekwenda nyumbani."

Nikamwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akaangalia kama mlango umefungwa, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaona mambo yamekaa vizuri. Kabati lile la wafanyakazi sasa lina nafasi, hata chakula chake cha mchana anakiweka humo.

* * *

Nikaenda wizarani kwa Kondo. Mimi ni mtu wa subira, nimepewa na Mungu, na pale niliitumia yote. Siku ya kwanza katibu wake aliniambia Mheshimiwa yuko kikaoni. Siku ya pili, yuko safarini. Siku ya tatu niliambiwa yuko safarini huku namsikia anapiga chafya nyuma ya mlango. Ile chafya ya mara tatu tatu naijua tangu surua. Ukutani palikuwa na bango, TUNAKUJALI, na chini yake benchi lisilo na egemeo. Nikakaa hapo siku kumi na nne. Mfagiaji akawa ananifagia na mimi, ananyanyua miguu yangu kwa ufagio, anaishusha.

Siku ya kumi na tano mlango ukafunguka.

"Mdau," akasema Mheshimiwa Kondo, "karibu sana. Serikali yako inakusikiliza." Kisha akaufunga mlango, akakaa kwenye kiti cha karibu yangu, si kile kikubwa, akavua koti. "Mama. Kwa nini hukusema ni wewe?"

Nilikuwa nimesema kila siku, asubuhi na mchana. Nikamfungulia chupa. Akanywa uji. Alipofika mwisho akaangalia huku na huku, akapitisha kidole ndani ya kikombe. Naam, wajukuu zangu, hapo ndipo niliposahau siku kumi na nne.

Nikamweleza yote. Nikamkumbusha Zuena, ambaye alicheza naye vumbini hapo mlangoni kwangu. Nikamwambia kijijini wako wanawake saba wenye mimba na mlango umefungwa. Nikamwambia sitaki posho wala fidia, nataka Sikudhani atoke na cheti chake.

Macho yakamlowa. Siwezi kusema hayakumlowa, mimi ndiye niliyeyapangusa alipokuwa mdogo.

"Mama, nitamtoa. Nitamtoa kwa mkono wangu mwenyewe, yeye na wenzake wote, hadharani. Na cheti nitampa mimi." Akavuta droo. "Ni sahihi ya ndugu tu inayotukwamisha."

Akatoa fomu. Kurasa kumi na moja. Juu, yale maneno ya ndugu asome mwenyewe. Nikavaa miwani, nikaanza. "Mi-mi ndu-gu wa m-go-njwa, na-ki-ri ku-wa..."

"Mama," akasema Kondo, "ule ukuta wa jiko bado upo?"

Nikainua macho. "Upo."

"Na jina langu?"

"Nilipaka chokaa, lakini mkaa unajitokeza. Ile K mguu wake unaonekana mpaka leo."

Akacheka, nami nikacheka, na mkono wake ukawa juu ya mkono wangu, na kalamu ikawa ndani ya mkono wangu. Nakiri kuwa nini, sikufika. Nilitia saini, nikamwombea dua, nikaondoka kinyumenyume kama mtu anayetoka kwa mfalme.

* * *

Sherehe ikaitwa Siku ya Kupona. Mahema yale yale, matarubeta yale yale, viti maharusi wale wale. Vijana mia nne wamepangwa mistari, wamevaa magauni ya wagonjwa yaliyopigwa pasi.

"Ndugu wadau," akasema Mheshimiwa Kondo, "nchi nyingine zinajisifu kwa kuponya mtu mmoja mmoja. Sisi leo, kwa mpigo, tumeponya mia nne. Wamelazwa mwaka mzima. Hakuna aliyekufa. Nionyesheni hospitali nyingine duniani yenye matokeo kama haya."

Wafadhili wawili waliokuwa safu ya mbele wakaandika.

Majina yakaitwa. Sikudhani akapanda jukwaani, Kondo akampa mkono, akampa karatasi ngumu iliyozungushiwa utepe wa samawati, picha ikapigwa. Mimi nilipiga vigelegele mpaka kifua kikaniuma. Akashuka, akaja nilipo, akaufungua utepe. Nikaona anasoma. Yeye hasomi kwa silabi, kwa hiyo alifika mwisho haraka.

Akanipa. Nikaanza mstari wa kwanza, akanionea huruma, akanisomea mwenyewe.

"Inathibitishwa kwamba mgonjwa Sikudhani amepona kabisa Mafunzo. Hana tena dalili yoyote ya uuguzi. Kwa usalama wake asikaribie sindano, dawa, wala mtu anayeumwa, ugonjwa usije ukamrudia. Mkopo wa masomo utahesabiwa kuwa gharama ya matibabu." Akashusha kidole. "Halafu hapa chini: Kupona kwake kumethibitishwa na ndugu yake wa karibu, aliyesoma na kuelewa. Bibi, huu mwandiko ni wako."

Ulikuwa wangu. Juu ya mwandiko wangu ilikuwepo sahihi nyingine, ya kalamu ya dhahabu, yenye K ambayo mguu wake ulivutwa, ukavutwa, mpaka ukalikata jina langu.

"Ulisoma, Bibi?"

"Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

Nikamjibu kweli, kwa sababu mtoto niliyemlea sijapata kumdanganya. "Nilisoma uso wake."

Hakunigombeza. Aliukunja ule utepe vizuri, akautia mfukoni mwa gauni, akasema, "Wao sikuwahi kuwategemea." Halafu tukatafuta basi, na njia nzima hakulala, na kichwa chake hakukiegemeza begani kwangu kama tulivyozoea.

* * *

Tukafika. Sikudhani akawa anafagia uwanja, anateka maji, anachambua mboga. Akipita mtu mwenye kikohozi yeye anageukia ukutani. Watu wakasema chuo kimempandisha mabega.

Wiki ya tatu, mchana, jua likiwa utosini, jirani yetu Mwanamkasi akashikwa na uchungu njiani akitoka kisimani. Wanawake wakambeba, na miguu yao yenyewe ikawapeleka zahanati. Mimi nikakimbilia kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, ufunguo."

"Ufunguo hupewa nesi."

"Nesi ni Sikudhani."

"Cheti chake kinasema si nesi. Tena kinasema kwa mhuri. Kisheria, bibi, hata wewe una uuguzi kumzidi yeye." Akalifunika kopo la chai. "Ila simu nitapiga. Niliagizwa nipige nikiona dalili."

Niliporudi, Sikudhani alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kizingitini, mikono amejikumbatia. Kizingiti kile kile. Mwanamkasi amelala pale pale. Aliniangalia mara moja tu, kisha akakunja mikono ya gauni lake, akasema, "Zungusheni kanga. Maji ya moto na sabuni. Bibi, shika kichwa." Sauti ile sikuwahi kuisikia. Mwenye sauti ile hakuwa amepona hata kidogo.

Mtoto akatoka, wa kike, akalia kwa hasira. Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka tuliposikia king'ora.

Gari la wagonjwa. Lile lililomfikia Zuena kesho yake, kumpa pole. Siku hiyo lilitumia nusu saa. Kumbe barabara ilikuwepo siku zote.

Akashuka Bwana Makame na sweta lake la ugoro, fomu mkononi. Akamwona Sikudhani, damu mpaka kiwiko, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Amerudiwa," akamwambia dereva. "Na ugonjwa umemrudia vibaya." Kisha akanijia mimi. "Pole, bibi. Tunamrudisha wodini. Safari hii ni ugonjwa sugu, huenda asitoke. Tia saini yako hapa tu, tuwahi."

"Nisome kwanza."

Bwana Makame akashangaa, wala hakuwa na kejeli. "Lakini Mheshimiwa ameniambia nisichukue muda. Amesema wewe huna taabu, wewe huwa husomi."

Wanawake wote wakaniangalia. Sikudhani alikuwa anafunga kitovu, hakuinua kichwa, lakini vidole vyake vilisimama.

Nikaipokea fomu. Kurasa kumi na moja. Nikaomba mkeka, nikatandika pale kizingitini, nikakaa, nikavaa miwani. Nikamwonyesha Bwana Makame maneno ya juu kabisa: ndugu asome mwenyewe, kwa sauti, mpaka mwisho. Bwana Makame ni mtu wa maandishi. Akayasoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaketi.

"Ni kweli," akasema. "Mgonjwa hawezi kuondoshwa kabla ndugu hajamaliza. Soma, bibi. Tunakungoja."

"Mi-mi," nikaanza.

Huu ni mwezi wa nne. Zahanati bado imefungwa, lakini gari la wagonjwa liko pale mlangoni, lina kitanda, lina glovu, lina taa, na mlango wake hauna ufunguo kwenye kopo la mtu. Wanawake saba wameshajifungulia humo, na wa nane yuko njiani. Bwana Makame aliuliza kama ni halali, Sikudhani akamjibu kwamba mgonjwa kukaa kwenye gari la wagonjwa hakuna sheria inayokataza. Akaridhika, akaandika kwenye daftari: mgonjwa yuko ndani ya gari, chini ya uangalizi. Uangalizi wa nani? Akafikiri, akaandika: wa bibi yake. Jioni nampa Bwana Makame uji. Mheshimiwa naye alituma ujumbe kwamba anataka kuja kunisalimia, nikamjibu kwamba nasoma.

Mjukuu wangu ameanza kuniegemea begani tena, si kila siku.

Nami nasoma kila asubuhi, kwa sauti, sina haraka. Niko ukurasa wa pili. Ningekuwa nimefika mbali, lakini chini ya kila ukurasa kuna ile K, na mguu wake unaovutwa mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Nikiifikia hiyo nakumbuka mkaa, nakumbuka kile kidole kwenye sufuria, naitazama. Nikirudisha macho juu nakuta nimepoteza mstari.

Basi naanza upya.